Kisutu kwa Vioo Vitatu: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha ya Rangi kwa Filamu Nyeusi na Nyeupe

Tundika leso ya kisutu uani. Weka kioo chekundu mbele ya lenzi, uipige picha kwa filamu nyeusi na nyeupe, kisha uoshe filamu, uigeuze iwe picha ya kawaida, utazame. Wekundu wa kisutu umepotea. Umegeuka mweupe, umeungana na weupe wa kitambaa, na kilichosalia ni madoa meusi matupu. Ipige tena kwa kioo cha buluu. Safari hii wekundu umehamia upande wa pili, umekuwa mweusi, na weupe ndio uliobaki peke yake. Kisutu ni kile kile, mwanga ni ule ule, lakini ukiweka picha mbili kando kando, mtu asiyejua ataapa kuwa ni leso mbili.

Tofauti hiyo baina ya picha na picha ndiyo rangi yenyewe. Filamu haikushika rangi hata chembe, imeshika vivuli tu. Ukipiga mara tatu, kwa nyekundu, kijani na buluu, na kila kivuli ukakirudishia rangi ya kioo chake, leso hurudi kama ilivyokuwa kambani. Watu walipiga picha za rangi kwa njia hii miaka mingi kabla filamu ya rangi haijauzwa dukani, na mpaka leo inafanyika nyumbani, Mombasa, kwa kamera kuukuu na subira.

Nimeandika hapa jinsi ninavyofanya mimi, pamoja na makosa yaliyonila filamu.

Kwa nini nimeanza na leso

Tarehe 17 Mei 1861, mwanafizikia Mskoti James Clerk Maxwell alisimama mbele ya hadhira ya Royal Institution, taasisi ya sayansi mjini London, akawaonyesha ukutani picha ya rangi ya utepe wa mirabaraba. Aliyeipiga ni mpiga picha Thomas Sutton, kupitia vyombo vya kioo vilivyojaa maji ya rangi. Kwa maji ya buluu, sekunde 6 zilitosha. Kwa kijani alihitaji dakika 12, na kwa nyekundu dakika 8. Vigae vya kioo vilivyopatikana, ambavyo wakati huo vilishika nafasi ya filamu, vikamulikwa kwa taa tatu, kila taa na rangi yake, zikaangukiana pahali pamoja.

Ajabu ni kwamba jaribio lile halikustahili kufaulu. Dawa iliyopakwa vigae vya wakati huo ilikuwa karibu kipofu kwa nyekundu. Sasa wekundu wa utepe ulinaswa na nini? Jibu lilikuja baada ya miaka 100, mwaka 1961, pale Ralph Evans na wenzake wa Kodak walipoonyesha kuwa maji mekundu ya Sutton yalikuwa yanapitisha pia urujuanimno, mwanga ambao jicho halioni, na kitambaa chekundu cha utepe kiliurudisha mwanga huo. Kigae kikaona kisichoonekana, wenyewe wakadhani kimeona nyekundu.

Nimelieleza hilo kwa sababu ndilo litakalokuongoza unaponunua filamu. Ukichukua filamu isiyoona nyekundu utakuwa unangojea bahati ya Sutton, nayo haiji mara mbili.

Utepe wa Maxwell ulikuwa na rangi nyingi na haukutikisika. Leso ina sifa hizo hizo, na ina jambo moja zaidi: yenyewe imechapwa rangi moja moja. Wanunuzi wa Mtaa wa Biashara wanaijua leso iliyochapwa ovyo, ile ambayo wekundu umeuruka mstari mweusi ukamwagikia kwenye pindo. Utaliona kosa hilo hilo kwenye picha zako za kwanza, na utalijua bila kufundishwa.

Jaribio la usiku, kabla ya kutoa pesa

Chukua tochi tatu na karatasi za nailoni zinazopenya mwanga, nyekundu, kijani na buluu, za kufungia zawadi. Kila tochi ifunge tabaka mbili au tatu. Zima taa, au ngoja stima ipotee, na umulike ukuta mweupe.

Nyekundu ikiiangukia kijani utaona manjano. Mchoraji atakubishia, kwani kwake kuchanganya rangi hizo huzaa tope. Mwambie wino hunyang'anya mwanga, na tochi huongeza. Kijani na buluu huzaa samawati, nyekundu na buluu huzaa rangi ya zambarau iliyokoza. Zote tatu zikikutana unapata weupe, au kitu kinachokaribia weupe kwa nailoni za bei hiyo. Sasa weka mkono mbele ya ukuta uhesabu rangi za vivuli vyake. Vivuli hivyo viweke akilini, tutavikuta tena mbele ya lango la msikiti.

Vifaa

Kamera yoyote ya filamu inayokubali kupangwa kwa mkono yatosha: kasi ya shata, tundu la lenzi na umbali. Ile inayojiamulia kila kitu iache nyumbani, kwa sababu itajaribu kukusawazishia vivuli ambavyo wewe unataka vitofautiane.

Filamu iwe nyeusi na nyeupe ya aina ya pankromati, yaani inayoona rangi zote. Mimi hutumia Ilford HP5 Plus ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga). Ilford Ortho Plus ni filamu nzuri kwa kazi nyingine, lakini haioni nyekundu, kwa hiyo hapa haifai. Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua mwaka 1873 kwamba ukitia rangi maalumu kwenye dawa ya kigae, kigae huanza kuona rangi kisichokuwa kikiziona. Kila filamu ya pankromati unayoinunua leo inatokana na ugunduzi huo.

Filta, yaani vile vioo vya rangi, ni tatu, na namba zake ni za mpango uitwao Wratten: 25 nyekundu, 58 kijani, 47 buluu. Hapa usifanye ubahili. Nilijaribu nailoni za zawadi nikapata picha iliyopauka kama nguo iliyofuliwa miaka kumi, maana nailoni ya kijani hupitisha kila kitu kidogo kidogo. Kwa tochi inatosha, kwa lenzi haitoshi. Filta zilizotumika zapatikana, mradi hazina mikwaruzo na zote tatu zaingia lenzi moja.

Stendi ya miguu mitatu iwe nzito. Kama ni nyepesi, ning'inize chini yake mfuko wa mchanga. Waya wa kufyatulia utakuepusha kugusa kamera. Halafu kadi ya kijivu, ya kulinganishia vivuli vya shoti tatu. Usiweke karatasi nyeupe ya printa badala yake: karatasi hizo hutiwa dawa ya kung'arisha inayogeuza urujuanimno kuwa buluu, nawe utababaika kwa nini buluu yako imezidi. Ni yale yale ya Sutton.

Filamu moja ya shoti 36 hutoa picha 12 za rangi. Ukishajua hivyo, mkono hujifunza adabu wenyewe.

Mwanga wa Mombasa na saa ya kutoka

Picha tatu hazipigwi kwa wakati mmoja. Baina ya ya kwanza na ya tatu hupita nusu dakika hivi, nawe unabadilisha filta na kusogeza filamu. Mwanga ukibadilika ndani ya nusu dakika hiyo, picha nzima hupata rangi isiyokuwapo. Wingu likipita wakati wa shoti ya kijani, kijani hupungua na kila kitu kinakuwa na wekundu wa zambarau.

Ndiyo maana napenda msimu wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi. Kuna joto la kukausha koo, lakini asubuhi mbingu ni tupu na jua limetulia. Kusi ikishaanza kuvuma, mawingu huja mbio kutoka baharini, jua na kivuli vikipokezana kila dakika. Ukilazimika kupiga wakati wa kusi, tafuta siku iliyofunga wingu moja tangu alfajiri, au subiri mwanya mpana wa buluu usogee.

Saa nzuri ni saa tatu asubuhi, au saa kumi alasiri. Adhuhuri jua liko utosini, na chini ya roshani za Mji wa Kale kunakuwa na giza ambalo hakuna filta italipenya.

Kupima mwanga

Pima bila filta, kisha hesabu. Kipima mwanga cha kamera za zamani huona rangi kwa namna yake, na ukikipitishia kioo chekundu kitakudanganya.

Asubuhi ya jua kali, filamu ya ISO 400 huhitaji takriban 1/500 ya sekunde kwa tundu la f/16 (namba ya f ikipungua, tundu hupanuka). Filta ya 25 hula mwanga mara 8, yaani stopu 3, kila stopu ikiwa ni mwanga maradufu. Ile ya 58 ni kama hiyo, na ya 47 iko karibu. Kwa hiyo anza na stopu 3 kwa zote: 1/250 kwa f/8. Hizo ni namba za kuanzia tu. Kwa lenzi yangu, ambayo imegeuka manjano kidogo kwa uzee, buluu imedai stopu moja zaidi, kwa hiyo nyekundu na kijani napiga kwa 1/250, buluu kwa 1/125.

Unapoongeza au kupunguza, badilisha kasi ya shata. Tundu liache pale pale f/8. Ukiligusa, vilivyo mbele na nyuma vitakuwa vikali kwenye shoti moja na laini kwenye nyingine, na pindo za vitu zitaota mistari ya rangi isiyoondoka.

Filamu ya kwanza itoe sadaka kwa majaribio. Tundika leso, weka kadi ya kijivu kando yake, na kwa kila filta piga kwa stopu 2, 3, 4 na 5. Ukiosha, tafuta kwenye kila rangi ile negativu (shoti iliyooshwa, ambamo cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe) ambayo kadi ina weusi sawa na wenzake. Hizo ndizo namba zako, za lenzi yako na filta zako. Ziandike kwenye mkanda wa karatasi ubandike chini ya kamera.

Picha ya kwanza: kisutu ukutani

Nasema ukutani, si kambani. Kwenye kamba upepo utaipeperusha, hata ule usiouhisi. Ibane kwa vibanio pembe zote nne kwenye ubao au ukuta, inyooke. Kisutu kina nyekundu, nyeusi na nyeupe pekee, kwa hiyo kando yake weka vitu vyenye rangi nyingine: ndizi mbivu, malimau mabichi, sahani ya binzari, kitambaa cha buluu. Marikiti yote ni sanduku la rangi.

Panga kamera, lenga, kisha funga umbali kwa kipande cha tepu ili pete ya lenzi isiteleze. Toka hapo hugusi kitu ila shata, filta na mkono wa kusogezea filamu. Mkono huo ndio msaliti mkubwa: ukiuvuta kwa nguvu kamera husogea kwa unywele, na unywele huo utauona. Shika mwili wa kamera kwa mkono wa kushoto, uvute polepole kwa wa kulia.

Mimi huenda kwa mpango mmoja daima: nyekundu, kijani, buluu. N, K, B. Piga, sogeza, badilisha, piga. Usiruke, na usirudie shoti ya katikati kwa sababu umeitilia shaka. Ukiwa na shaka, anza utatu mpya tangu nyekundu. Siku moja nilirudia kijani mara mbili kwenye filamu nzima bila kuandika, nikakaa usiku kucha nikikisia negativu ipi ni ya nani. Zipo dalili za kukusaidia ukizigeuza negativu ziwe picha: kwenye shoti ya nyekundu, kitu chekundu ni cheupe na mbingu imekuwa nzito, kwenye ya buluu mbingu imewaka na ndizi imekuwa nyeusi. Lakini kalamu na daftari ni rahisi kuliko upelelezi.

Kuosha filamu katika mji wa joto

Weka filamu yako kwenye friji, ndani ya mfuko uliofungwa, na uitoe saa nzima kabla ya kufungua paketi. Ukiifungua ingali baridi, unyevu wa Mombasa utaiparamia kama jasho.

Dawa ya kuoshea niitumiayo ni ID-11 isiyozimuliwa, dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Kazi ni kuzipata hizo nyuzi 20. Maji ya bomba hapa hukaribia nyuzi 28, hata 30 msimu wa joto. Nunua barafu, iponde, iweke kwenye karai, na zile chupa za dawa zisimame humo mpaka kipimajoto kikubali. Usitie barafu ndani ya dawa yenyewe. Ikishindikana, fanya kazi kwa nyuzi 24 na upunguze muda hadi dakika 5 na kidogo. Kuzidi hapo sipendekezi, muda unakuwa mfupi mno na dawa hushika filamu kwa mabaka.

Baada ya dawa, suuza kwa maji dakika moja, tia fiksa, dawa ya kuidumisha picha, dakika 3 hadi 5, kisha osha kwa maji mengi. Mwisho kuna jambo la mji wetu: majumba mengi hutumia maji ya kisima, yenye chumvi na chokaa, nayo yakikauka juu ya filamu huacha madoa meupe. Msuuzo wa mwisho ufanye kwa maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za gari, ukihakikisha si asidi. Ning'iniza bafuni, funga dirisha, na usipite humo mpaka ikauke.

Vyombo vya dawa visirudi jikoni kamwe, vaa glavu, na watoto wasikaribie. Kizuri ni kwamba shoti tatu zimo ndani ya filamu moja, zimeoshwa pamoja kwa dawa moja na joto moja. Waliotangulia kama Sutton, wakiosha vigae kimoja kimoja, hawakuwa na raha hiyo.

Kurudisha rangi

Kama una skana, zima kila kitu cha kujirekebisha chenyewe. Kama huna, weka kioo cha simu au tableti kikiwa cheupe kabisa, inua negativu sentimita chache juu yake ili vidoa vya skrini visionekane, na uipige kwa kamera ya dijitali iliyowekwa wima. Shoti zote tatu zinakiliwe kwa mwanga na kasi ile ile. Ukisahau hili, kazi yote ya kadi ya kijivu imekwenda na maji.

Geuza negativu ziwe picha za kawaida, zote katika hali ya kijivu. Halafu fungua GIMP, programu ya picha ya bure, uzipange kama tabaka tatu za faili moja. Kabla ya kuziunganisha, ziwekane sawa. Chukua tabaka ya kijani kuwa msingi, juu yake weka nyekundu ikiwa nusu uwazi, uisogeze mpaka mistari ikaane. Tazama pembe mbili zilizo mbali, juu kushoto na chini kulia. Pembe moja ikikaa na nyingine ikakataa, kamera ilizunguka kidogo, basi zungusha tabaka kwa sehemu ya nyuzi. Fanya vivyo hivyo kwa buluu.

Kisha tumia amri iitwayo Compose, chagua RGB (nyekundu, kijani, buluu), na kila tabaka uipe nafasi yake: ya filta nyekundu iende kwenye nyekundu, na kadhalika. Anayependa kuandika amri anaweza kutumia programu ya ImageMagick:

magick nyekundu.tif kijani.tif buluu.tif -combine rangi.tif

Ukizibadilisha nafasi nyekundu na buluu, kisutu kitatoka cha buluu na mbingu ya machungwa. Ikitokea, usifute haraka. Watoto wa nyumbani kwangu hupenda hizo kuliko zile sahihi.

Angalia kadi ya kijivu. Iwe kijivu tupu. Ikiwa na rangi, rekebisha mkondo wa rangi husika peke yake mpaka kadi inyamaze. Rangi za vitu vingine zitaifuata.

Kutoka nje: nani anasimama na nani anapita

Hapa ndipo ilipo raha. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliamuru majumba ya Mji wa Kale na ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Watu wana maoni yao juu ya hilo, na mimi nina yangu, lakini kwa kazi hii ukuta mweupe ni neema. Ni kadi kubwa ya kupimia, na ni pazia la kunasa wapitao.

Weka stendi pembeni mwa Ndia Kuu, usizibe njia. Piga N, K, B huku watu wakipita. Jiwe, mlango wa nakshi na roshani vitatoka na rangi zao za kweli, kwa kuwa vilikuwapo mara zote tatu. Mpita njia alikuwapo mara moja tu pahali pale, kwa hiyo ataacha rangi moja moja. Mwenye kanzu nyeupe akipita mbele ya lango lenye giza la msikiti, utamwona mara tatu: mwekundu, wa kijani, wa buluu. Mwenye buibui jeusi akipita mbele ya ukuta mweupe, utamwona mara tatu vilevile, lakini rangi zake ni kinyume: samawati, zambarau, manjano. Kanzu iliongeza mwanga kwenye shoti moja, buibui limeuondoa kwenye shoti moja. Ni vile vivuli vya mkono wako kwenye ukuta wa tochi. Niliielewa hesabu ya Maxwell siku hiyo, si siku niliyoisoma.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani alinitazama kwa muda, kisha akaniita.

"Mwanangu, hiyo mashini yako imeharibika? Wapiga pale pale mara tatu."

"La, mzee wangu. Ya kwanza ni nyekundu, ya pili kijani, ya tatu buluu."

"Na mimi nitatoka rangi gani?"

"Ukitulia, rangi zako mwenyewe."

Akatulia, mikono juu ya mkongojo, mpaka nikamwambia tayari. Ametoka vizuri kuliko mlango ulio nyuma yake. Kidole kimoja tu kina uzi wa kijani. Nilimwomba ruhusa kwanza, nawe mwombe kila unayetaka atulie. Kamera juu ya stendi huvuta macho, na watu wa Mji wa Kale wamechoka kupigwa picha bila salamu.

Bandari ya Kale ndiyo mtihani wa mwisho. Majahazi yamefungwa, lakini yanapanda na kushuka, na maji hayatulii hata siku moja. Kwenye picha, kila wimbi linakuwa na vipande vyekundu, vya kijani na vya buluu, kama mafuta juu ya dimbwi. Mrusi Sergei Prokudin-Gorsky, aliyezunguka himaya ya Urusi tangu 1909 hadi 1915 akipiga kwa njia hii hii, ana mito iliyojaa vipande hivyo hivyo. Vigae vyake vilikuwa virefu, na picha tatu zikakaa humo moja juu ya nyingine, buluu juu, kijani katikati, nyekundu chini. Nimetazama mito yake mara nyingi, na sioni kama ni kosa. Ukitaka bahari iliyotulia, piga maji yanapokupwa, asubuhi ya kaskazi, kutoka mbali. Mimi siku hizi naiacha icheze.

Ngomeni, yaani Fort Jesus, nje upande wa bustani, utapiga bila taabu. Ndani uliza langoni kwanza kuhusu stendi. Kivuko cha Likoni na bandari ya Kilindini ni mahali pa ulinzi, usiende kuweka miguu mitatu hapo ukangoja mwanga.

Kwa asiye na filamu

Simu yenye programu ya kupanga shata na ISO kwa mkono yaweza kukufundisha hatua zote, mradi iwe kwenye stendi na mizani ya rangi ifungwe isibadilike. Piga kupitia filta tatu, kisha kwenye kila faili chukua mkondo wa rangi ya filta yake tu. Ni kama kuvuka Likoni kwa feri ili urudi ulikotoka, kwa sababu simu ina filta hizo ndogo ndogo ndani yake tayari. Lakini vivuli vya wapitao utavipata, na filamu hupotezi.

Wengine huniuliza kuhusu Autochrome ya ndugu Lumière, iliyoanza kuuzwa mwaka 1907 na kuwaondolea watu adha ya shoti tatu. Ilikuwa kigae kimoja kilichotandazwa chembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi ya machungwa, kijani na urujuani, mamilioni ya chembe, kila moja ikiwa filta yake. Nyumbani usijaribu. Nimejaribu kwa wanga wa dukani, nikapata uji wa rangi tatu juu ya kioo.

Kuhifadhi

Negativu hizi zina fedha, hazina wino wa kupauka. Vigae vya Prokudin-Gorsky vilinunuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1948, na vinatoa rangi mpaka leo, ilhali picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zilizomo kwenye albamu zetu zimegeuka manjano na nyekundu tupu. Adui wa Mombasa ni unyevu, unaoleta kuvu. Kata filamu vipande vya shoti sita, ili kila kipande kiwe na utatu mara mbili, usiukate utatu mmoja katikati. Viweke kwenye bahasha za karatasi, si za nailoni, ndani ya kopo linalofunga pamoja na pakiti za kunyonya unyevu, uzibadilishe kabla ya masika. Juu ya kila bahasha andika tarehe, mahali na mpango wa filta. Yangu ya kwanza imeandikwa kwa penseli: kisutu, uani, N K B, buluu imepungua.